Matofali ya Kivulini

Sekela alichomeka sindano katikati ya tofali, akabonyeza kitufe, akasubiri.

Haikuwa sindano ya kushonea wala ya hospitali. Ilikuwa nyembamba kama mwiba wa nungu, na ndani yake ulipita umeme kidogo wa kuipasha moto. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuuliza udongo swali: nikikupa joto, unalipeleka wapi? Udongo mzuri hulipokea joto ukalipitisha upande wa pili, na sindano ikabaki imepoa. Udongo mbaya hulizuia, na sindano ikazidi kuungua peke yake.

Baada ya dakika tano, mstari kwenye kioo ulikuwa umepanda kama mtu anayepanda ngazi mbio.

"Hapana," alisema Sekela, ingawa maabara haikuwa na mtu mwingine.

Alitoboa upande wa pili, akapima tena. Akatoboa kwenye pembe, akapima mara ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile: sifuri nukta sita. Ilitakiwa iwe moja nukta moja. Tofali lile lilikuwa linapitisha joto kama nusu tu ya lile alilokuwa ameahidi yeye, kwa sahihi yake, kwenye vyeti mia tatu katika miezi minne.

Alilipandisha kwenye mizani. Tofali likitoka kwenye mashine huwa na kilo kumi na nane na nusu. Hili lilikuwa na kilo kumi na saba na kidogo. Zaidi ya kilo moja ilikuwa imetoweka, na kwenye tofali la udongo kitu pekee kinachoweza kuondoka bila kuacha alama ni maji.

Alilishusha tofali mezani.

Tofali lilikuwa mojawapo ya yaliyobaki baada ya kujengwa Chumba cha Nne, mita mia nne na hamsini chini ya Mlima Isanza. Mle ndani ulilala mtungi wa shaba, mrefu kumzidi mtu mrefu, umejaa mabaki ya fueli kutoka mitambo ya nyuklia iliyokuwa ikiwasha taa kutoka Mtwara hadi Kampala. Mtungi ule ulikuwa wa moto na ungebaki wa moto kwa vizazi. Udongo ulioufunika ulikuwa na kazi mbili: kupeleka joto lake kwenye mwamba, na kuvimba maji yakifika ili yasipite. Wafanyakazi waliuita udongo mlafi, kwa jinsi unavyokunywa maji. Jana jioni kipimajoto cha Chumba cha Nne kilisoma nyuzi sabini na moja. Kwa hesabu, siku ile kilitakiwa kisome hamsini na nane. Ndiyo maana Sekela aliamka na tofali kichwani.

Aliangalia saa. Saa moja na nusu asubuhi. Saa sita mchana mlango wa Chumba cha Nne ungezibwa kwa zege lenye unene wa mita sita, na chochote nyuma yake kingekuwa kimezikwa.

*

Mabanda ya matofali yalikuwa upande wa mashariki wa mlima, na Sekela alipofika, wanawake walikuwa katikati ya kazi na vicheko. Walikuwa kumi na saba, Wakisi kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, watu ambao bibi zao na bibi za bibi zao walifinyanga vyungu. Mradi uliwatafuta kwa makusudi. Mashine inaweza kugandamiza tofali, lakini kulipanga mahali pake bila kuacha nafasi ya kupenya ukucha, hiyo ilitaka mikono inayoujua udongo.

"Haya, daktari wa matope kaja," alisema Ikupa, mdogo kuliko wote, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano aliyelala kwenye kapu kando yake. "Leo sindano zako zimekuruhusu kutembea?"

"Zimempa likizo," alidakia mwingine. "Si unaona alivyokonda? Mtu anakaa na mawe mchana kutwa, ataolewa na nani?"

Wakacheka. Sekela hakuweza kucheka. Alipita kati yao mpaka kwa mkuu wa mabanda, Tumwitike, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado."

Tumwitike alimtazama mara moja, akajua kuna jambo, akaendelea na kazi yake. Alikuwa akipita kwenye safu za matofali yaliyolazwa juu ya mikeka ya matete, kivulini. Kila alipofika kwenye tofali aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Hili bado," alisema. "Hili limelala. Hili limelala. Hili mligeuze."

"Mama mkubwa, matofali haya yamekaa hapa siku ngapi?"

"Tisa. Kumi mvua ikinyesha."

"Karatasi ya maelekezo inasema lifungwe kwenye nailoni likitoka tu kwenye mashine."

"Karatasi iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kupasukiwa na chungu." Tumwitike aligonga tofali jingine. "Wiki ya kwanza tulifunga kama ilivyosema. Yakatoa jasho, yakaota ukungu, pembe zikamong'onyoka. Arobaini tukayatupa. Injinia wako akaja hapa kufoka mpaka mate yakamtoka. Basi tukafanya tunavyojua. Udongo haupelekwi kazini ukiwa umechoka, unalazwa kwanza. Tangu hapo limevunjika hata moja?"

"Halijavunjika," alisema Sekela.

"Injinia mwenyewe alituletea keki."

"Ilikuwa imekauka kuliko matofali," alisema Ikupa, na banda zima likaangua kicheko.

Sekela hakungoja kicheko kiishe. "Na zile sampuli zinazoletwa kwangu maabara?"

"Zile anachukua kijana wa mashine, palepale zikitoka. Zimefungwa nailoni zao." Tumwitike aliacha kugonga, akageuka. "Kwani ulikuwa hujui?"

Hakuwa akijua. Miezi minne alipima matofali ambayo hayakuwahi kuingia mlimani, na yaliyoingia mlimani hakuna aliyeyapima. Kutoka maabara hadi mabandani ni mwendo wa dakika sita kwa mguu.

*

Injinia Kusekwa alikuwa ofisini kwake kwenye mdomo wa handaki. Dirishani yalionekana malori ya zege yamejipanga, matumbo yao yakizunguka taratibu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka muda wa kufikiri. Sekela alipomaliza kueleza, miwani ilikuwa imefutwa mara tatu.

"Maji ya mwamba yatafika," alisema. "Yataulowesha udongo. Ukilowa unapitisha joto vizuri kuliko hata ulivyoandika. Si ndivyo?"

"Yakifika mapema, ndivyo. Chumba cha Nne ni kikavu, Injinia. Tulikichagua kwa ukavu wake. Maji yatachukua miaka mia mbili. Joto litafika kilele baada ya miaka kumi na miwili."

"Kilele cha ngapi?"

"Mia moja na thelathini. Mwisho wetu ni mia."

Kusekwa alivaa miwani. Hakuhitaji kuambiwa maana yake. Juu ya mia, udongo unaogusana na mtungi huokwa. Ukishaokwa hauvimbi tena. Hubaki na nyufa, na siku ambayo maji yangefika yangepita kwenye nyufa hizo hadi kwenye shaba, yakaila polepole, kisha yakaendelea na safari yake kuteremka kwenye visima vya bondeni.

"Baada ya miaka mingapi?" aliuliza.

"Mia nne. Labda mia sita. Sijui."

"Hujui." Alilitamka bila kejeli. "Na tukifungua, unajua nani ataingia?"

Kila mtu pale mlimani alijua. Sheria ya Mikono ilikuwa na mistari minne na ilibandikwa hata kwenye mlango wa jikoni. Ilitungwa baada ya maafa ya kwanza ya nyuklia, wakati wakubwa walipokosea kisha wakakodi vibarua wasiojua kusoma watie mikono yao kwenye moto usio wao. Tangu hapo nchi ikaamua: waliokiweka ndio watakaokitoa. Waliopanga matofali, aliyeyapima na aliyeidhinisha. Mashine ya kuyatoa haikujengwa kamwe, kwa kuwa hakuna waziri aliyekubali kwamba kuna siku kitu kingetolewa.

Wakati wa kupanga, chumba kilikuwa kitupu na salama. Mtungi uliingizwa mwishoni na roboti, nalo roboti likasukumia ukuta wa mbele uliokwisha kupangwa. Sasa ukuta ule ungebomolewa kwa mkono mtungi ukiwa nyuma yake, matofali mia mbili na kidogo, ndipo roboti liuvute mtungi nje na chumba kipangwe upya kikiwa salama. Dakika kumi na moja kwa kila mtu, tofali moja kwa dakika.

"Mikono kumi na tisa," alisema Kusekwa. "Yako na yangu humo. Dozi ya mionzi ya dakika kumi na moja haiui mtu. Lakini inakaa mwilini inasubiri, na kati ya kumi na tisa, vitabu vinasema mmoja atakuja kuugua kwa sababu ya siku hiyo. Hatutajua ni nani." Akavua miwani tena. "Nina miaka hamsini na minne, na naogopa. Nakwambia wazi ili usije ukadhani nakushauri kwa hekima."

"Unanishauri nini?"

"Sijakushauri kitu. Cheti ni chako. Saa sita kamili mfumo utakuuliza mara moja, zege limwagwe au lisimwagwe. Sitagusa kishikwambi chako na wala sitasema kwamba uliwahi kuingia hapa."

Sekela alitoka akiwa na hakika kwamba angefurahi zaidi kama Injinia angemtishia.

*

Saa tano na robo alimkuta Mama mkubwa nyuma ya banda, anakunywa uji kwenye bakuli la bati. Sekela alichuchumaa mbele yake. Alitafuta namna ya kusema, akaona maneno yote ya chuoni hayafai.

"Mama mkubwa, chungu kikishachomwa kikaiva, ukikiloweka kinarudi kuwa udongo?"

"Unaniuliza maswali ya watoto."

"Kinarudi?"

"Hakirudi. Hata ukikisaga, unapata unga wa kigae. Haushiki."

"Matofali ya Chumba cha Nne yataiva. Joto la mtungi halipati pa kupita kwa sababu maji yametoka. Yale maji ndiyo yaliyokuwa njia. Mlipoyalaza kivulini, yaliondoka."

Tumwitike aliweka bakuli chini. Sekela aliuona uso ule ukipita kwenye mambo mengi kwa muda mfupi: siku tisa, mikeka, keki, sifa. Vidole vyake vikasugua kifundo alichokuwa akigongea matofali.

"Miezi minne," alisema hatimaye. "Miezi minne unapima udongo wetu, na hukuwahi kuja kuangalia tunaufanyaje. Ungepita siku moja tu. Ungekuja hata kuomba uji."

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye niliyekuvusha mto kwenda shule ili uje ujue kitu nisichokijua. Halafu tulichokosa sote wawili ni mguu wako kufika hapa."

Kutoka bandani ilisikika sauti ya Ikupa ikimbembeleza mtoto.

"Na kama hungesema," Tumwitike aliuliza, "nani angejua?"

"Hakuna. Si katika maisha yetu."

"Na ukisema, tunaingia."

"Ndiyo."

"Ikupa naye."

"Ni mmoja wa mikono. Sheria inamsamehe mwenye mimba tu. Anayenyonyesha imemsahau."

Mama mkubwa alimtazama, na hapo Sekela akatambua alichokuja kutafuta, akaona aibu kabla hajakiomba. Alitaka aambiwe. Uache mtungi wako ulipo, mwanangu. Au, fungua, mwanangu. Lolote kati ya hayo angelibeba mtu mwingine.

"Usinitwishe," alisema Tumwitike, akasimama. "Nimelea, nimepanga matofali, nimekosea kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo la kuamua ni lako. Ulipewa cheo kwa ajili yake."

Akachukua bakuli lake, akarudi kazini.

Sekela alibaki pale pale. Alijaribu kumfikiria mtu wa miaka mia nne ijayo, akashindwa kumpa uso. Alimpa ndoo. Alimpa kisima, na asubuhi, na kiu ya kawaida isiyo na shaka. Kisha akamfikiria Ikupa, ambaye alikuwa na uso, na mzaha, na kapu. Mizani ile ilikataa kutulia. Kila alipoweka kitu upande mmoja, upande wa pili uliongezeka.

Lililomtoa pale halikuwa hesabu. Yule mtu wa ndoo hakuwa na namna ya kukataa. Ikupa alikuwa nayo: angeweza kumtukana, kumshtaki, kumchukia hadi kaburini. Wa kisimani angekunywa tu.

Saa sita kamili kishikwambi kililia. ZEGE LIMWAGWE? Malori yalianza kurudi nyuma kuelekea handakini, yakipiga ving'ora vya kinyumenyume.

Akabonyeza HAPANA. Matumbo ya malori yaliendelea kuzunguka, maana zege halijui habari, lakini magurudumu yakasimama.

*

Asubuhi ya pili walishuka mikono yote kumi na tisa, na chini kule hakuna aliyefanya utani. Mwanamke aliyezoea kumwita daktari wa matope alimpita bila salamu. Sekela aliyapokea yote.

Afisa wa sheria aliyetumwa kutoka mjini alisoma masharti mbele ya mlango wa chuma. Wazee wataingia kwanza, kwa kuwa dozi huchukua miaka ishirini kuonyesha meno yake. Mpimaji atashika saa na kujaza kadi. Beji za mionzi zitasomwa mwisho wa mwezi, leo ni saa na kalamu. Waliopanga matofali wanaruhusiwa kuingia mara ya pili badala ya mwenzao, ilimradi mara ya kwanza wasizidi dakika kumi na mbili. Anayezidi, kadi yake inafungwa kwa mwaka mzima. Mpimaji na injinia hawaruhusiwi kubadilishana zamu na mtu yeyote.

"Mkubwa kuliko wote ni nani?" aliuliza afisa.

Tumwitike alikuwa ameshavaa glavu.

Mlango ulifunguka, joto likawapiga usoni kama la tanuri lililoachwa wazi. Akaingia. Sekela alibonyeza saa. Kupitia redio alisikia pumzi, kisha tofali likikwanguana na mwenzake, kisha kishindo kidogo kwenye toroli. Moja. Pumzi. Mbili. Kusekwa alikuwa amesimama karibu, midomo ikicheza bila sauti. Ikupa alikuwa mwisho wa mstari. Mtoto alikuwa ameachwa juu, na maziwa yalikuwa yameanza kulowesha kifua cha ovaroli yake.

Dakika ya tisa. Ya kumi.

"Mama mkubwa, jiandae kutoka."

Kukwanguana kwa udongo. Kishindo.

"Kumi na moja. Toka."

Pumzi. Tofali jingine.

"Mama mkubwa, muda umekwisha. Toka."

"Nimekusikia," ilisema redio. "Limekwama. Siliachi nusu."

Dakika ya kumi na mbili ilipita. Afisa wa sheria alikuwa upande wa pili, akihangaika na kamba ya glavu za anayefuata. Mlango ulipofunguka, Tumwitike alitoka amelowa jasho. Alikuja moja kwa moja kwa Sekela, akainamisha kichwa mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Andika kumi na moja," alinong'ona. "Nitaingia mwisho, badala ya yule mwenye mtoto. Nina miaka sitini na mmoja. Hiyo mionzi itanikuta wapi? Andika."

Sekela aliitazama saa. Ilikuwa imesimama kwenye kumi na tatu na sekunde nne.

Ingekuwa rahisi sana. Tarakimu moja tu, na hakuna kisima ambacho kingeumia. Angekuwa ameandika uongo kwa ajili ya mtoto aliye juu, na aliyeumia kwa uongo huo angekuwa ameutaka mwenyewe. Aliushika mkono wa Mama mkubwa uliokuwa ndani ya glavu ya moto, akaubana, akahisi mifupa yake yote. Halafu akauachilia, kwa sababu mkono aliomshikia ndio aliohitaji kuandikia.

"Mama mkubwa," alisema, "nisamehe."

Akaandika kumi na tatu, akatia sahihi, akapiga mhuri mwekundu wa kuifunga kadi.

Tumwitike aliisoma. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya Ikupa, akaanza kumfunga nywele vizuri ili zisije zikamwangukia machoni.

"Anayefuata," alisema Sekela, na akarudisha saa kwenye sifuri.